Ulimbo wa Selo ya Baba

Tulipokuwa tunagawana vitu vya marehemu baba, ndugu zangu walichukua randa na misumeno, mimi nikaambiwa nitafute changu kwenye kabati. Nyuma ya mashati nikakuta kopo la zamani la maziwa ya unga, kifuniko chake kimeshikwa na kutu. Nilikibandua kwa ncha ya kisu, na kabla sijaona kilichomo harufu ilikuwa imeshanifikia. Wenzangu wa rika langu mliokulia upande wa Kasongo mnaijua hata mkifumba macho: ulimbo wa mupafu. Ni mti ule ule ambao matunda yake meusi tuliyalowesha kwenye maji ya moto mpaka yakalainika, tukayala kwa chumvi. Ulimbo wake ndio uliochomwa kanisani ubani wa Ulaya ulipochelewa. Nilikaa sakafuni, nguo za baba zimenizunguka, nikalia, kisha nikaanza kucheka, na wifi yangu akadhani msiba umenivuruga akili.

Baba alikuwa seremala wa misioni. Madawati yote tuliyokalia shuleni yalitoka mikononi mwake, na milango ya kanisa pia, na nadhani angeishi hivyo mpaka mwisho kama lisingefika lile sanduku kutoka Ulaya. Ndani yake mlikuwa na selo, ile fidla kubwa ambayo mtu huipiga ameketi, ameibana katikati ya magoti. Meli, gari-moshi na mitumbwi vilikuwa vimeitikisa mpaka ikapasuka mgongoni. Mompere, ndivyo tulivyomwita padri aliyeongoza shule, alimpa baba aiunge. Baba aliilaza kwenye meza yake ya kazi wiki nzima, akaipaka gundi, akaibana kwa vibao, na kila jioni akaigonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio. Ilipopona, Mompere alivuta upinde juu yake mara moja tu, kuijaribu. Mama alikuwa akisimulia kwamba usiku huo baba hakupata usingizi, na alfajiri alikuwa mlangoni kwa Mompere kuomba afundishwe.

Mompere naye alikuwa akitafuta watu, kwa sababu alikuwa ameingiwa na wazo la kuwa na okestra. Mkiisikia leo mngecheka. Palikuwa na wanafunzi wa ualimu wenye violoni, makarani wawili wa filimbi na klarineti, fundi cherehani aliyepiga tarumbeta kwa mashavu yaliyotaka kupasuka, na baba mwisho kabisa na ile selo yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka minane au tisa, nikakaa mlangoni pa chumba chetu kila jioni baba akifanya mazoezi, mdomo wazi, mpaka mama aniite mara tatu kuja kutwanga.

Niliamini kabisa kwamba ndani ya selo mlikuwa na mzee. Alikuwa na kifua kibaya, na baba alimtibu kwa kumkuna. Akikunwa vizuri aliguna kwa raha, akikunwa vibaya alikohoa. Ile kolofani, kile kipande cha ulimbo wa Ulaya ambacho baba alikisugua kwenye nywele za upinde kabla ya kuanza, niliihesabu kuwa ndiyo dawa yake. Siku moja niliilamba nione dawa ya wazee ina ladha gani. Ilikuwa chungu, nikamwonea mzee huruma zaidi.

Na baba alikuwa mtu wa jasho. Akishaingia katika wimbo lilimtoka kichwani, likashuka kwenye nyusi, likakaa kwenye ncha ya pua, kisha likadondoka juu ya ubao wa selo aliyoipenda kuliko kitu chochote. Mama hakuweza kulivumilia.

"Baba Petro, kitambaa iko hapo karibu na mukono yako!"

"Acha, mama. Itakauka."

Kitambaa kilikuwa kinakaa pale kila siku, kimekunjwa, na kila siku mama alikikuta kimekunjwa vile vile. Tulidhani ni ukaidi.

Halafu ikatangazwa konseri. Mke wa daktari wa boma, Madamu tu kwetu sisi, alikuwa mpigaji hodari wa violoni, na Mompere alikuwa ameandaa wimbo ambao yeye na baba wangepiga peke yao mbele, wawili, okestra ikiwasindikiza nyuma. Wageni wangekuja kutoka mbali, wazungu wa boma wote wangekuwepo. Sijui kama mnakumbuka nyakati zile zilivyokuwa. Seremala wetu aketi mbele ya ukumbi, karibu na Madamu, wimbo mmoja, na wazungu wakae kimya kumsikiliza! Kasongo nzima ililizungumza, kuanzia sokoni mpaka kwa Waislamu wa upande wa pili ambao hawakuwa na habari na misioni yetu.

Zikiwa zimebaki wiki chache, kolofani ikaisha. Ilikuwa imemfaa baba miaka mitano, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutunza vitu. Chembe zilizoanguka alikuwa akiziokota kwa kidole alicholowesha mate. Sasa ilikuwa imekwisha hata chembe, na bila kolofani upinde unateleza tu juu ya nyuzi, hautoi hata mnong'ono. Madamu alikuwa na kipande chake kimoja, chembamba, kilichofaa violoni lakini kwa zile nyuzi nene za selo hakikushika. Mompere aliandika Ulaya, akijua jibu litafika konseri imeshapita. Baba akanunua ulimbo wa mupafu sokoni, akaujaribu mbichi, nywele za upinde zikagandana kama nywele za mtoto aliyemwagikiwa uji. Akaupika mwenyewe, ukaungua. Jioni ile aliketi na selo mikononi bila kupiga kitu. Mzee wangu wa ndani alikuwa amenyamaza, nikajua anakufa.

"Iko mutu moja tu anayejua kuipika," baba akamwambia mama.

Mama akatikisa kichwa. "Hatajibu."

Mtu mwenyewe alikuwa nkambo, yaani bibi yangu, mama yake baba, aliyekaa Wamaza. Babu yangu alikuwa mpiga ngoma wa kule, na ngoma yake ilibandikwa katikati ya ngozi donge la ulimbo wa mupafu uliochanganywa na nta ya nyuki, ili itoe sauti nzito. Kuupika ulimbo ule ilikuwa kazi ya nkambo, hakuna mwingine aliyeugusa. Babu alipofariki, baba ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza, ilikuwa zamu yake kushika vijiti vya ngoma siku za matanga. Baba alifika akiwa amechelewa, akalia na wenzake, akakaa siku tatu, akarudi Kasongo kwa Mompere na nyuzi zake. Ngoma hakuigusa. Nkambo aliilaza kifudifudi, na tangu hapo hakumsemesha mtoto wake hata neno moja. Miaka minne ilikuwa imepita.

Baba aliandika barua akampa mtu aliyekuwa anakwenda huko, ili katekista wa Wamaza amsomee mama yake. Aliomba ulimbo uliopikwa bila nta. Tulingoja jibu, na jibu likaja kwa miguu.

Nkambo alikuja baada ya siku tatu za kutembea, kitunga mgongoni kimeshikwa na ukanda wa paji la uso, mwembamba, mnyoofu, vumbi mpaka magotini. Alimsalimu mama. Akanishika kidevu, akaniangalia meno. "Mukemwenzangu," akasema, kwa utani wa bibi kwa mjukuu wake wa kike, "umekua. Lakini nyama haiko." Baba alikuwa pale pale, hatua mbili tu kutoka kwake, amepiga goti moja kumwamkia kama ilivyo desturi ya kwao. Nkambo hakumwona, au tuseme aliamua kutomwona. Akaniambia mimi:

"Umwambie baba yako nilipata barua yake. Anataka ulimbo haina nta. Mimi sipikaki dawa ya mugonjwa sijamuona. Mugonjwa iko wapi?"

Nilifurahi mno. Kumbe nkambo naye alijua kwamba yule mzee yupo!

"Umwambie nkambo yako, iko mu chumba," baba akasema polepole.

"Nkambo, iko mu chumba."

"Nilisikia. Niko na masikio."

Siku zile zote zilikwenda hivyo, mimi katikati kama daraja. Jambo hilo lilinipa cheo kikubwa nyumbani, na ningelifurahia kabisa kama nisingesikia maneno ya usiku wa kwanza. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia la mkeka, wakadhani nimesinzia. Nkambo alikuwa akizungumza na mama.

"Mukamwana, mimi sikutoka Wamaza kwa ulimbo tu. Ngoma ya bwana yangu inalala kifudifudi miaka ine. Hii kitu nitaisikiliza siku ya watu wote. Nikiona ni kitu ya bure, nitasimama pale pale, nitamushika mutoto wangu mukono, turudi naye kwetu."

Baadaye, nkambo alipokwenda kulala, mama alimwuliza baba kama amesikia. Baba alikuwa amesikia.

"Ni mama yangu," akasema. "Akinishika mukono mbele ya watu, nitamufuata. Nitafanya nini? Nilimukosea siku moja, siwezi kumukosea siku mbili."

Basi mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nilimjua baba, akisema atafuata atafuata. Niliwaza shule yangu, marafiki zangu, milango ya kanisa aliyoichonga, na yule mzee mgonjwa atakayebaki bila wa kumkuna. Tangu usiku ule niliomba kila nilipokumbuka, na maombi yangu yalikuwa mafupi: mzee asikohoe siku hiyo.

Asubuhi nkambo alianza kazi. Alikuwa amebeba ulimbo mbichi umefungwa kwenye majani, vipande vyeupe vyenye maganda ya mti. Aliuyeyusha kwenye chungu kidogo juu ya mafiga matatu, kwa moto wa chini sana, akiengua takataka kwa kijiti. Mara kwa mara alidondosha tone kwenye maji baridi, akalitia mdomoni na kuling'ata. Likinata kwenye meno, bado. Ua wote ulijaa ile harufu, na kuku wakahamia kwa jirani. Alipoona inatosha alimimina kidogo kwenye kisoda, akangoja kipoe, akaniita.

"Umwambie baba yako apake."

Baba alisugua upinde, akaketi, akavuta. Ilitoka sauti ya paka aliyekanyagwa mkia. Nkambo alikuwa ameweka kiganja chake kwenye mgongo wa selo, pale pale kwenye ufa ambao baba aliuziba. Alikwenda kurudisha chungu motoni. Mara ya pili upinde uliteleza. Walirudia hivyo siku mbili, yeye akipika, baba akivuta, mimi nikipeleka na kurudisha maneno kati ya watu waliokuwa wanagusana magoti. Mara ya mwisho, hata sijui alibadilisha nini, baba alivuta upinde na chumba kizima kikatetemeka, vikombe vikalia kwenye rafu. Nkambo aliacha kiganja chake pale muda mrefu kuliko siku zote.

"Umwambie iko sawa," akasema, akatoka nje kumimina uliobaki. Alitengeneza vidonge vitano vya mviringo, akavitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga.

Konseri ilifanyika jua likielekea kuzama, katika ukumbi wa shule. Mbele kulikuwa na viti vyenye migongo, vya wazungu na wageni. Nyuma yao yalikuwepo mabenchi ya walimu na makarani waliovaa tai, kisha mikeka yetu, wanawake na watoto, karibu na mlango. Taa za pampu zilikuwa zinavuma darini na kutupika. Nkambo alikuwa amevaa kikwembe chake cha buluu, kile cha Krismasi, upande mmoja umefungwa begani. Alikaa kati yangu na mama, miguu ameinyosha mbele, mikono mapajani.

Okestra ilipoanza niliona fahari mpaka nikataka kukojoa. Mompere alipandisha fimbo yake na violoni zote zikaingia pamoja, upinde mmoja unapanda, zote zinapanda, unashuka, zote zinashuka. Wale walikuwa kaka zetu, waliotuchapa kwenye foleni ya maji, na sasa walikuwa wanafanya hivi! Lakini watu wa viti vya mbele hawakusogea. Hakuna kichwa kilichotikisika, hakuna mguu uliogonga sakafu, hakuna aliyeitikia hata kwa mguno. Nkambo alikunja uso.

"Hawa watu wamefiwa?" akauliza, si kwa kunong'ona.

"Ni heshima yao, mama," mama akamjibu sikioni. "Wanasikilizaka hivi."

"Bila hata kusema ndiyo?"

Mimi niliamini wamechukia, nikaanza tena maombi yangu mafupi. Madamu akasimama, gauni jeupe, violoni chini ya kidevu. Baba akaketi kando yake, akaweka selo sawa, akavuta pumzi mpaka nikaona koti lake likipanda.

Jina la wimbo ule sikuwahi kulijua. Madamu alianza, sauti nyembamba, safi, imepanda juu sana, ikakaa huko peke yake kama haitashuka tena. Kisha baba akaingia chini yake. Mpaka leo sijapata kusikia kitu kama kile. Nilikuwa nimeuzoea wimbo ule nyumbani nusu nusu, upande wa baba tu, nikauona ni wa kukatakata na wenye maneno yaliyokosekana. Kumbe yaliyokosekana alikuwa nayo Madamu! Alikuwa akisema jambo, baba akilipokea na kulirudia kwa sauti ya mtu mzima, akiligeuza kidogo, akimrudishia. Mara wakasema pamoja. Mzee wa ndani hakukohoa hata kidogo. Aliimba kama mtu mwenye afya, na ulimbo wa nkambo uliruka kutoka kwenye upinde kama vumbi jeupe, likaonekana kwenye mwanga wa taa, na harufu ya ua wetu ikatufikia hata sisi wa mlangoni.

Na baba akaanza kutoka jasho. Niliona likimeremeta kwenye paji la uso, likishuka, likikusanyika puani. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwake, mama alikuwa amekitia mwenyewe. Tone la kwanza likadondoka juu ya selo. La pili.

Nkambo akasimama.

Nilimkamata pindo la kikwembe, likaniponyoka. Alikuwa ameshaingia kwenye njia ya katikati, peku, anatembea mwendo ule ule aliokuja nao kutoka Wamaza. Karani mmoja akamzomea kwa kunong'ona, "Mama, kaa chini!" Hakugeuka. Alipita mabenchi, akafika kwenye viti, vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja. Mama alikuwa amejifunika mdomo. Nilijua sasa atamshika baba mkono, na baba atasimama, ataweka selo chini, na watatoka wote wawili kupitia katikati yetu. Nilifumba macho ili nisione. Lakini muziki haukukoma, ikabidi nifumbue.

Nkambo alikuwa amesimama mbele ya baba. Baba alikuwa amemwona. Alimwangalia kama mtoto anavyomwangalia mtu wa sindano, ila mkono wake wa upinde uliendelea kwenda na kurudi. Nkambo akafungua fundo la begani, akashika pindo la kikwembe chake, akamfuta. Alianza na paji la uso, kutoka upande huu mpaka upande ule, akashuka kwenye pua, mashavu, akamwinamisha kichwa kidogo, akamfuta na shingo. Hakuwa na haraka. Halafu akamgeukia Madamu.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Mkono wa mama mzee wa shambani kwenye uso wa mke wa daktari, siku zile, mbele ya watu wa boma! Bwana mmoja wa mbele alinyanyuka nusu, kiti kikalia. Madamu alikuwa katikati ya noti ndefu, kule juu kabisa, na jasho lilikuwa limemjaa naye, kwa kuwa taa haibagui. Aliinamisha uso wake kidogo tu, upande usio na violoni, akampa nkambo shavu. Noti haikukatika. Nkambo alimfuta vile vile alivyomfuta mtoto wake, paji la uso, pua, shavu, na yule bwana akabaki nusu amesimama, hajui akae au afanye nini, mpaka daktari mwenyewe akamvuta koti akakaa.

Nkambo akageuka, akatuangalia wote, akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu. Wanawake wa mikeka, waliokuwa wamekibana kifuani tangu mwanzo wa konseri, wakamwitikia, na mama yangu aliyesema habari za heshima ya wazungu alikuwa wa kwanza. Fimbo ya Mompere haikusimama. Walipiga wimbo wao mpaka mwisho. Wazungu walipiga makofi baada ya kutazamana, kwanza wachache, kisha wengi, na Madamu aliinama mara mbili, akamwonyesha baba kwa upinde wake ili naye ainame.

Nje, chini ya ukuta wa shule, nilimng'ang'ania nkambo miguu.

"Nkambo, usimuchukue baba! Nakuomba!"

"Kumupeleka wapi?"

"Wamaza. Ulisema. Nilisikia."

Akaniangalia kama anayemwangalia mtu asiye na akili timamu. "Na ile kitu, nani ataipiga?" Akajifunga tena kikwembe begani. Pindo lilikuwa limelowa. "Kwetu mupiga ngoma hajifutaki jasho. Anafutwa na watu wake, mama yake, muke yake, pale pale anapiga, asiache. Akipiga mubaya hakuna mutu anasimama, jasho inamukaukia, anarudi kwake na haya. Mutoto wangu anapiga vile, watu wote wanakaa kimya wanamuangalia, jasho inaanguka. Na ule mama muzungu vilevile. Hata moja hakusimama! Hawana mama?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kitambaa, kimekunjwa kila siku kando ya mkono wa baba. Alikuwa ameacha jasho limkaukie miaka minne yote. Mama yangu, mtu wa Kasongo, hakuwa na habari na desturi ile, na baba hakuwahi kumwambia. Niliona aibu na huruma kwa pamoja, na nampenda baba kwa jambo hilo mpaka leo.

Alikuja amebeba selo mgongoni, koti limelowa. Akasimama mbele ya mama yake, na mimi nikajiweka katikati, tayari kwa kazi yangu. Nkambo akanisogeza pembeni kwa mkono.

"Kisimba," akasema. Misioni nzima ilimwita baba kwa jina la ubatizo. Hilo lingine nilikuwa sijalisikia.

"Mama."

"Mukono yako ya kuume iko nzito. Baba yako alikuwa vile vile. Uipunguze."

"Ndiyo, mama," baba akasema, na akalia wazi wazi, mtu mzima yule, mbele ya wanafunzi na makarani, selo mgongoni.

Nkambo alikaa nasi siku chache zaidi, akarudi kwake. Asubuhi ya kuondoka alinikabidhi mimi lile kopo la maziwa. "Ikiisha," akasema, "asiandike tena barua. Barua nasomewa na mutu mwingine. Akuje yeye mwenyewe, nimupikie ingine. Na ngoma nitaisimamisha, ikiwa atapenda kuigonga kidogo."

Wiki tatu baadaye, jioni moja baada ya mazoezi, baba alimwambia mama kwamba ulimbo umeisha. Mama akasema "Aa, imeisha?" akaenda kukaanga karanga za njiani. Baba aliomba ruhusa kwa Mompere, akapaka mafuta mnyororo wa baiskeli, akafunga kitita cha nguo na zawadi ya chumvi na sabuni. Ilikubaliwa niende naye.

Asubuhi, baiskeli ikiwa imeshageuzwa kuelekea barabara ya Kabambare, niliingia chini ya kitanda kutafuta viatu vyangu. Mkono ukagusa kopo. Nililitikisa, likalia. Ndani yake mlikuwa na vidonge vinne vizima, havijaguswa, na cha tano kimechimbika kidogo tu katikati. Nilitoka mbio nalo, nimefurahi, nikidhani nimeiokoa nyumba.

"Baba! Ulimbo haijaisha! Angalia, iko mingi!"

Baba alilichukua kopo, akalifunika, akarudi ndani, akaliweka kwenye kabati nyuma ya mashati. Alitoka akaninyanyua, akaniketisha kwenye kiti cha nyuma.

"Ninajua," akasema. "Shika muzuri, mama. Iko mbali."